Msasa Unaochanika

Katika duka la vifaa hapa Moshi mjini nilishika misasa yote, nikairudisha, nikaishika tena. Mwenye duka alichoka.

"Kaka, unanunua msasa au unachumbia? Chukua huu wa kitambaa, hauchaniki."

"Huo ndio ulionila kidole."

Alicheka, mpaka nilipoweka mkono juu ya kaunta.

Baba yangu alikereza mabakuli ya mti wa mringaringa kule Masama, na ndani aliyasugua kwa majani makavu ya mti wa msasa. Jani likinaswa na bakuli linalozunguka lilichanika, kidole kikabaki. Mimi nilifanya kazi mjini, kwenye karakana aliyosimamia shemeji yangu. Yeye ndiye aliyetuletea msasa wa kitambaa, eti unadumu, na ndiye aliyetuamuru tuuzungushe kidoleni ili tufike chini kabisa ya bakuli. Siku bakuli lilipounasa, msasa haukukatika. Kilichokatika ni kidole. Shemeji akawaambia watu nilikuwa nimelewa. Mpaka leo anasema hivyo, hata misibani, na mimi nimekaa pale pale.

Sasa nakereza nyumbani, peke yangu. Nilichagua msasa wa karatasi, na mpini mrefu wenye sponji mbele, ili mkono ubaki nje ya bakuli.

"Huo utachanika kila saa, kaka," alisema mwenye duka, safari hii taratibu.

"Uchanike."

Jioni ile ulinaswa, ukachanika kweli. Nikazima mashine, nikatazama vidole vyangu. Nikawasha, nikazima tena, nikavitazama.