Besi ya Mwanangu

Binti yangu wa kwanza ni fundi cherehani. Anashona sare za shule. Mkanda wa cherehani yake umelegea, kwa hiyo akikanyaga pedali gurudumu husita kidogo ndipo lizunguke. Miaka tisa mguu wake umezoea kusita huko. Alipoanza kupiga gitaa la besi kwenye bendi ya roki, alikwenda nako.

Bendi ilikuwa na wimbo mmoja wa bluzi, mwepesi hata mimi niliufuata. Kodi tatu za gitaa, basi. Mwimbaji anasema shida yake, anairudia vilevile, halafu anajijibu. Ubeti wa kwanza ni yeye na besi tu. Wa pili zinaingia ngoma. Wa tatu gitaa la solo linalia kama mtu aliyefungiwa nje. Lakini mimi nilisikiliza besi. Kila noti ilifika nyuma kidogo, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

Siku ya kurekodi nilimsindikiza, maana wale wa bendi sikuwaamini. Fundi mitambo akasimamisha wimbo.

"Dada wa besi anachelewa."

"Sichelewi," mwanangu akasema. "Wimbo ndivyo unavyotembea."

"Unatembea au unachechemea?"

Wenzake wakacheka. Mwimbaji, ambaye ndiye kiongozi wao, akatazama viatu vyake. "Fundi atainyoosha kwenye kompyuta, dada. Ukikubali lakini."

Mwanangu akanigeukia mimi. Hapo ndipo panaponiuma. Niliogopa watamfukuza, nikamwambia, "Kubali, mama. Mpini wameshika wao."

Akakubali. Besi ikanyooshwa kama pindo lililopigwa pasi. Wimbo ukatoka, watu wakaupenda, kila noti ikiingia kwa wakati wake kama gwaride. Miezi miwili baadaye kiongozi akaja nyumbani kusema shemeji yake ndiye atakayepiga besi.

"Si sehemu ngumu, mama. Yeyote anaiweza."

Na kweli, ile iliyonyooshwa yeyote anaiweza.

Juzi nilikuwa kwenye kibanda cha mwanangu wimbo ulipopita redioni. Mteja mmoja akatega sikio. "Si bendi yenu hii? Hiyo besi si wewe?"

"Hapana, shangazi. Hii sketi nipunguze inchi ngapi?"

Mguu wake ukaendelea kukanyaga, nyuma ya wimbo kidogo. Mkononi nilikuwa na mkanda mpya wa cherehani niliomletea. Nikaurudisha mkobani.