Mshale Kwenye Geti la Jirani

Nilijifunza kulenga kwa upinde wa babu, na wa kwanza kuumia nilikuwa mimi. Uzi ulinichapa mkono wa kushoto, upande wa ndani ambako ngozi ni laini, nikaenda shuleni na alama nyekundu ndefu kama kalamu. Mwalimu wa zamu akauliza ni nani amenipiga. Nikamwambia ni babu. Mzee akaitwa shuleni, akaeleza mambo ya upinde kwa nusu saa, na mwalimu akaishia kumwomba amtengenezee mmoja.

Babu ndiye anayenilea. Wazazi wangu wako Karagita, wanakata maua ya watu wa ng'ambo, na wanapanda huku Olenguruone wakati wa Krismasi wakiwa na mkate na uchovu. Kwa hivyo nyumba ni ya wawili, mimi na mzee, pamoja na ng'ombe watatu wenye adabu kunizidi. Upinde wake ulikaa jikoni, kwenye msumari juu ya moshi. Mti mmoja mnyoofu, ukisimamishwa unanifika kidevuni, umeiva mpaka ukawa mweusi kama sufuria. Ulikuwa hautaki haraka. Ukiuvuta unahisi mti wote unafikiria kwanza.

Mzee hakunifundisha kwa maneno mengi. Nikisimama vibaya alinigonga kisigino kwa fimbo. Alinigusa pembeni mwa mdomo, mahali ambapo kidole kinatakiwa kufika kila mara kabla ya kuachilia. Akikasirika kabisa alisema, "Unashika huo mshale kama unaandika barua ya mapenzi. Uwache uende."

Mwenzangu katika wazimu huu alikuwa kijana wa jirani, ng'ambo ya kijito. Tulianza darasa la kwanza pamoja na sasa tulikuwa kidato cha tatu. Kwao ni watu wa viazi, walinunua shamba hapa kabla hatujazaliwa. Nyumbani wao wanaongea lugha yao na sisi yetu, na faida ya jambo hilo kwetu wawili ilikuwa kwamba tulijua matusi mara mbili. Yeye hakurithi upinde wowote. Alitazama video kwa simu ya mamake hadi bando ikaisha, akachukua bomba la maji, akalilainisha juu ya jiko, akalibana kwa mbao, na ncha zake akazipindua zikatazama mbele kama midomo ya mtu aliyenuna. Upinde huo ulikuwa mfupi na hasira yake ilikuwa karibu. Mshale ulitoka kabla hujamaliza kuamua.

Babu aliugeuzageuza mikononi. "Huu ni wa kumwagilia kabeji," akasema. Kisha akarusha nao mishale sita mfululizo na kumrudishia mwenyewe bila neno lingine. Tukajua ameupenda.

Kila Jumamosi, maziwa yakishapelekwa, tulirushia gunia lililoshindiliwa maganda ya mahindi. Ncha za mishale zilikuwa misumari iliyokatwa vichwa. Manyoya yalitoka kwa jogoo wetu mwekundu, ambaye ilifika mahali akawa akituona anaingia chini ya ghala mwenyewe. Rafiki yangu alikuwa bora kuliko mimi. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hayuko hapa kulisikia.

"Buda, wewe unawinda hewa," aliniambia. "Hewa yenyewe inakucheka. Siku utagonga geti yetu kutoka kwenu, nitakubebea begi mpaka tufunge shule."

"Na vitabu ndani?"

"Na mawe ndani."

Geti lao lilikuwa la mabati, limeshikwa na nguzo mbili za msaipresi, likitazamana na ua wetu wa michongoma. Katikati kuna mteremko, kijito, na safu zao za viazi. Nilipima baadaye: hatua themanini na nne, bila kuhesabu maji.

Uchaguzi ulikuwa unakaribia. Wiki hiyo shuleni walikuja wageni kutuhubiria amani. Walituambia kwamba zamani, hapa hapa kwetu, kabla ya nyumba kuchomwa wakati wa kura, watu walikuta karatasi milangoni za kuwaambia wahame, na wengine walikuta mshale umechomekwa kwenye geti, na wote walijua maana yake. Sisi wa safu ya nyuma tulisikia vizuri kabisa. Tulichofanya ni kuandikiana karatasi kama hizo chini ya madawati. Yangu kwake ilisema ana saa moja kuhama dawati hilo kwa sababu ya harufu ya soksi. Alicheka mpaka akatolewa nje. Nataka ieleweke kwamba sikukosa kuambiwa. Niliambiwa, nikaona ni kichekesho kizuri.

Jumapili hiyo kwao walienda kanisani wote. Babu alikuwa amelala mchana na kofia usoni. Nikateremsha upinde, nikasimama kwenye pengo la ua, nikaanza. Wa kwanza ulianguka kijitoni. Wa pili hata sijui. Wa tano ulipiga viazi. Mabega yalikuwa yameanza kutetemeka na nilikuwa karibu kuacha. Wa tisa niliuvuta mpaka kidole kikafika pembeni mwa mdomo, nikasahau kuwa nalenga, na ukaenda wenyewe. Niliuona ukipanda, ukakaa juu kidogo, ukashuka. Halafu sauti ikanifikia, ko, kama mtu anayebisha hodi mara moja.

Nikaruka kijito mbio. Ulikuwa umeingia nguzo ya kulia, sawa na kifua changu. Sijawahi kufanya kitu kizuri kama kile.

Mtu mwenye akili angepiga picha, arudi nyumbani, adai begi lake libebwe. Mimi nilikuwa na karatasi mfukoni na kalamu. Nikaandika kwa herufi kubwa: MNA SIKU TATU. MUHAME. Nikaitoboa, nikaivalisha mshale. Nikaokota mishale mingine kwenye viazi, nikarudi nikicheka peke yangu, nikakaa nyuma ya michongoma kumngoja rafiki yangu afike, aone, apige ile kelele yake.

Hakufika yeye. Alikuwa amebaki kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Alifika mamake, na watoto wadogo wawili, msichana wa darasa la nne na kivulana ambaye bado hajaanza shule.

Mama huyo amenilisha miaka kumi. Kwake mimi nilikuwa na kikombe changu. Akinisikia getini alikuwa akiita, "Huyo shetani wangu amekuja, fichieni chapati."

Alisimama mbele ya nguzo. Akasoma. Hakupiga kelele. Aliangalia barabara ya juu, kisha ile ya chini, kisha akainama akavua viatu vyake vya kanisa akavishika kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akawakusanya watoto. Akapita mlango wa nyumba yake mwenyewe bila kuutazama na kuingia nao shambani, kwenye mahindi. Mahindi yakajifunga nyuma yao. Niliyatazama nikingoja yatikisike nijue wamefika wapi. Hayakutikisika hata kidogo, na watoto wale wawili nawajua, hawawezi kukaa kimya dakika moja wakila.

Kutoka nilipokuwa, sauti ingefika. Mshale ulikuwa umefika. Ilitakiwa niseme tu, mathe, ni mimi. Nikafungua mdomo, na kitu cha kwanza kuja kilikuwa kicheko, kile kidogo cha woga. Nikaufunga. Nikajiambia ngoja atoke mwenyewe. Nikajiambia rafiki yangu atafika sasa hivi ataelewa. Halafu nikaenda kukamua ng'ombe.

Rafiki yangu alipofika, nilisikia baadaye, alikuta geti wazi na nyumba tupu, akakimbia kuita watu. Chifu akaja akachukua mshale na karatasi. Kesho yake rafiki yangu hakuja shuleni. Niliporudi jioni nilikuta jirani zao wawili wametoa vitanda mpaka kando ya barabara, na gari la polisi limeegeshwa kwa chifu. Amri ilikuwa imetoka kwamba kila upinde wa eneo hilo upelekwe. Wetu ulijulikana kuliko wote, kwa hivyo babu alikuwa ameitwa wa kwanza, asubuhi, na alikuwa amekaa huko mchana kutwa. Alirudi mikono mitupu.

"Wamesema nini?" nikamuuliza.

"Watachunguza."

Akala ugali wake akiangalia moto. Msumari ulikuwa pale juu, mtupu.

Nilimwambia Jumanne asubuhi tukikamua. Nilimwambia nikiwa upande wa pili wa ng'ombe, kwa sababu huko sikuona uso wake. Aliendelea kukamua mpaka nikamaliza, na akaendelea tena.

"Walinionyesha huo mshale," akasema. "Nikaona mkia wa jogoo wetu. Nikawaambia siujui."

"Kwa nini, babu?"

"Nilitaka uniambie wewe. Nimekaa kwa chifu siku nzima kama mwizi, nikingoja mtoto." Akasimama, akashika mgongo. "Weka maziwa chini. Vaa viatu."

Tulianzia kwa chifu. Aliandika, akanitukana, akasema polisi watanihitaji, na ni kweli walinihitaji. Kisha akampigia simu mama yule tukiwa hapo hapo, akamwambia aliyefanya hivyo amepatikana, ni mtoto, ilikuwa mchezo. Nikapumua. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili nikadhani tutafika na tukute mizigo inarudishwa ndani.

Tulikuta pikapu getini. Mama alikuwa amepiga magoti barandani, akifunga vikombe kwa leso.

"Mathe, ni mimi," nikasema. "Ilikuwa mchezo. Hakuna mtu anakuja."

"Nimeambiwa."

"Basi si mkae."

Babu akanishika bega, nadhani alitaka ninyamaze. Yeye akavua kofia. "Mama, huyu ni wangu. Kosa ni la nyumba yangu. Kaeni. Mimi nitalala hapa getini mpaka kura iishe."

"Mzee, na wewe sina neno," akasema mama. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeuliza bei. "Mimi nilikuwa kama huyu msichana wangu. Mama yangu alituingiza kwa mahindi hivyo hivyo, akamfunga mtoto mdomo na leso. Jumapili nimefunga mdomo wa wangu. Mkono ulijua penye utaenda. Hata sikuuambia." Akakaza fundo. "Huyu mdogo ananiuliza nani anataka kutuua. Nimwambie ni nani? Ni huyu ako na kikombe hapa?"

Nikakiona kikombe changu kati ya vile vingine.

"Sijalala tangu hiyo siku. Tawi likianguka nimeshika viatu. Hata mkiniletea watu mia waape ni mchezo, mwili umekataa hii nyumba. Dada yangu yuko Bahati, ana chumba." Halafu akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Wewe ulikuwa wapi, sisi tukiwa huko ndani?"

"Kwa ua."

"Ulikuwa unatuona?"

Ningeweza kudanganya. Uongo ni somo ninalopita bila kusoma. "Ndiyo," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, polepole, na akarudi kwa vikombe. Ile karatasi nadhani angenisamehe siku moja. Hilo lingine niliona likimwingia na kukaa.

Rafiki yangu alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alitoka na upande mmoja wa kitanda, ule mwingine ukiburuta sakafu.

"Ulipiga kutoka kwenu?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Wa ngapi?"

"Wa tisa."

Akaitikia kama mtu aliyeambiwa kutanyesha. "Shika huo upande," akasema, nikashika. Tulipakia vitanda, magunia mawili ya mbegu za viazi, kabati, kuku kwenye kikapu. Babu alibeba magodoro. Upinde wa bomba, ambao hakuna aliyeudai kwa chifu, ulipita mikononi mwangu katikati ya majembe na sikujua niuweke wapi, basi nikauweka pamoja na majembe.

Dereva alikuwa na kamba moja na hakujua kufunga. Nikaifunga mimi. Kufunga najua, babu alinifundisha kwa uzi wa upinde, na fundo langu halilegei hata barabara iwe mbaya vipi. Nilizunguka pikapu mara mbili nikikaza. Nilikuwa nafunga vizuri ili wasirudi kuokota kitu, na nilijua hivyo nikiwa nafunga.

Mama alipanda mbele na msichana. Rafiki yangu alipanda nyuma na mdogo wake, juu ya magodoro, akaketi akiangalia upande wa kijito. Pikapu ikaondoka polepole kwa sababu ya matope. Babu alikuwa bado ameshika kofia.

Kabla ya kona yule mdogo alinipungia mkono, mkono wote, jinsi anavyonipungia siku zote nikienda nyumbani. Kumbe hakuna aliyekuwa amemwambia.

Nikampungia.