Leso Zilizofungwa Kamba

Binti yangu anauza leso kwa simu. Juzi alinionyesha duka lake humo ndani, nikatazama picha moja baada ya nyingine, leso zote zimekunjwa. Nikamwambia, mwanangu, zifungue. Mnunuzi wa leso anataka kuona pindo, mji ule wa katikati, na jina, maneno yale yaliyoandikwa kwa chini, asipoyaona atapita. Akacheka, akaniuliza biashara nimesomea wapi. Mimi niliishia darasa la tatu. Haya niliyasomea Malindi, miaka ya themanini, katika duka la mavyaa wangu, na ada niliilipa kwa jasho.

Mavyaa, mama wa mume wangu, aliachiwa duka na marehemu mumewe. Chumba kimoja mbele ya nyumba, mlango unatazama barabara, nyuma yake ua. Lakini aliyelishika ni mwanawe mkubwa, shemeji yangu, na aliyekuwa akiliua duka lile ni yeye. Jina silitaji kwa kuwa wanawe hawana kosa, ila watu wa mtaa ule wanamjua, na yeye mwenyewe akisomewa atajijua.

Leso alizikunja zikawa kama matofali, akazifunga kamba kumi kumi, akazipanga mpaka darini. Vumbi, alisema. Ukitaka kuona moja, apande kigoda, ashushe furushi, afungue fundo, huku anahema kama mtu anayechimbishwa kisima. Mwanamke gani atamwambia ashushe la pili? Bei nayo hakuisema mpaka akutazame miguu, una viatu au huna. Na nje, barazani, walijaa rafiki zake, bao tangu asubuhi. Yeye akiona watu mlangoni anadhani duka lina wateja. Wale hawakununua hata uzi, na mwanamke anayejiheshimu hapenyi katikati ya magoti ya wanaume kwenda kuchagua leso. Nilikuwa nikiwaona wanawake kupitia dirisha: wanasimama ng'ambo, wanaitazama baraza, wanajitengeneza buibui, wanakwenda zao.

Ulipoingia mwezi wa Shaabani, shemeji akasema leso hazina soko tena. Zisipokwisha kufika Idi, chumba atampa mwenzake mmoja wauze vinyago kwa watalii. Mume wangu alikuwepo, akaendelea kula. Naye ana lawama yake. Mavyaa chakula hakukigusa. Duka lile ndilo lililomfanya bado aulizwe neno nyumbani kwake mwenyewe.

Basi kulikuwa na mama mmoja wa kijijini Sabaki aliyekuwa akituuzia mchicha kwa mlango wa uani. Siku moja akauliza, "Mama, leso mnazo?"

"Tele," mavyaa akamwambia. "Zungukia mbele."

"Mbele kuna wanaume. Huko siendi."

Mavyaa akanitazama. Akaingia dukani, shemeji yuko msikitini, akatoka na furushi, akaikata kamba kwa kisu cha samaki. Tukaitandaza leso moja juu ya kamba ya nguo. Yule mama akalipapasa pindo, akauliza inasemaje. Nikasoma, silabi kwa silabi, jasho linanitoka.

"Hiyo inamfaa wifi yangu," akasema. "Sasa nisomee ya kunifaa mimi."

Alichukua mbili. Kesho yake akaja na wenzake watatu.

Tangu hapo mavyaa akawa anauacha mlango wa uani wazi, ametandika mkeka, leso tumezitundika zimefunguka zote. Bei ilikuwa moja kwa mwenye viatu na asiye navyo, tukiitaja kabla hatujaulizwa. Asiyejua kusoma nilimsomea. Nikikwama kwenye neno refu, mavyaa ananipapasa mgongo: "Taratibu, mwanangu. Leso haina miguu." Katika nyumba ile yote, mapenzi niliyoyapata ni mkono ule.

Shemeji alipogundua alisimama mlangoni. "Duka la baba mmeligeuza kamba ya kuanikia nguo."

"Nguo ya kwenye kamba inaonekana, baba," mavyaa akajibu. "Wewe zako ulizizika."

"Haya. Idi hiyo yaja, tutaona." Akarudi barazani kwenye bao lake, na dukani hakutia mguu tena.

Siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, alasiri, akaja na yule mwenzake wa vinyago, wameshika futi ya kupimia chumba. Rafu zilikuwa tupu mpaka darini. Shemeji akabadilika uso.

"Mama, tumeibiwa."

"Ziko majumbani mwa watu, zinangoja mwezi," mavyaa akasema, bila kuinua kichwa kwenye mchele aliokuwa akiuchambua. "Sikukuu ikipita, nenda Mombasa ukaniletee nyingine. Na usizifunge."

Yule wa vinyago akakunja futi yake, akaaga.

Idi ile shemeji aliwaambia rafiki zake barazani kwamba leso zote kaziuza yeye, wakampa mkono. Mavyaa alimsikia kutoka uani. Akaniambia nitoe mkeka niukung'ute, leso mpya zikifika wateja hawatakawia.