Maneno Aliyowekewa Nelius

Swaib alipiga video za harusi mjini Embu kwa miaka kumi na miwili, na hakuna bibi harusi aliyewahi kutoka vibaya mikononi mwake. Kazi yake ilikuwa kuwapendezesha watu, na aliijua mno. Basi kampuni moja ya kutafuta madini ilipotaka video ya kuwashawishi wawekezaji wa ng'ambo, ikamchukua yeye. Mwaniki, msemaji wa kampuni, alimwambia kwa ufupi: "Hao watu wanataka kuona mawe, na wanataka kuona wenyeji wakismile."

Mawe yalipatikana. Tabasamu likakosekana. Kule Mbeere, mjane mmoja aitwaye Nelius alisimama mbele ya kamera katikati ya shamba lake la muguka, akasema kwa Kimbeere kwamba atakayetaka kutoboa shamba lile aanzie kwenye kaburi la mumewe. Swaib alielewa kila neno, maana Kimbeere alikijua tangu utotoni. Mwaniki, ambaye hakukijua, aliona tu mama mwenye sura nzuri anayepungapunga mikono.

"Andika amekubali," alisema.

Na Swaib, bila haya hata kidogo, akaandika hivyo kwa Kiingereza chini ya picha, na sauti ya Nelius akaifunika kwa muziki.

Alidhani video ingekwenda zake Ulaya na kukaa huko. Wapi! Ilizunguka kwenye simu mpaka ikafika kijijini, na waliosoma wakawaambia wazee kwamba Nelius ameitoa ardhi ya ukoo. Majirani wakaacha kumsalimia. Shemeji zake wakaitisha kikao cha kumfukuza shambani.

Siku mbili kabla ya kikao Nelius alifika studio ya Swaib, akaketi kwenye benchi pamoja na watu waliongoja picha za pasipoti.

"Fungua hiyo video," alisema. "Unisomee vile uliandika."

Swaib akafungua, akajifanya kusoma: "Anasema... hataki wachimbe. Ni hiyo tu, shosho."

Purity, mwalimu aliyekuwa ameketi hapo benchini, aliinuka akaitazama skrini.

"Hapana, nyanya, anakudanganya. Hapa imeandikwa: 'Shamba nimewapa kwa moyo mweupe. Karibuni mchimbe.'"

Nelius alimtazama Swaib kwa chuki ambayo hakujaribu kuificha.

"Uongo wa kwanza ulitumwa na Mwaniki," alisema. "Na huu wa leo, umetumwa na nani?"