Majani Niliyoyapanda Gitambi

Mteremko ulio nyuma ya nyumba yetu, hapa Gitambi, zamani ulikuwa malisho. Mvua na kwato viliuchuna mpaka ukabaki udongo mwekundu mtupu, na ng'ombe wetu tukawa tunamlisha mashina ya migomba. Mwaka jana nikaamua kuotesha majani upya.

Mbegu za majani ni ndogo, upepo unazichukua mkononi. Nilizichanganya na mchanga, nikachora mistari kwa jembe kukata mteremko, nikafukia kidogo tu. Ndege wakala sehemu, mvua ikasomba sehemu, nikarudia. Hatimaye yakatokea, membamba kama nyuzi. Kila asubuhi nilikwenda kuyatazama kabla hata ya kuchemsha chai.

Siku moja nilivuka mpaka kwenda Bukavu kuuza nyanya. Niliporudi nilimkuta mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Mibirizi, ameketi mlangoni akiosha jembe, uso umejaa furaha.

"Maman, nimekusaidia," akaniambia, kwani huku hata mke wa mwana huitwa Maman, yaani mama, kwa heshima. "Shamba yako ilijaa majani, nikaona utachoka. Nimelima yote."

Nikakimbilia nyuma. Mimea yangu ilikuwa imenyauka juani, mizizi juu, imekusanywa malundo safi kabisa.

"Maman, ile majani ni mimi nilipanda!" nikamwambia aliponifuata.

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Muntu anapandaka majani?"

Maisha yake yote amepigana na majani ndani ya maharage. Tena ndiye mama wa mume wangu. Huwezi kumpandishia sauti. Nikamwambia asante, nikaingia jikoni, nikamenya viazi huku machozi ya hasira yakinitoka.

Mume wangu aliposikia, alicheka. Hilo liliniuma kuliko malundo yale.

"Si utapanda tena?" akasema, yeye ambaye hajashika hata mbegu moja.

Nilipanda tena, lakini mvua zilikuwa zinaishia. Yameota viraka viraka. Katikati udongo bado uko wazi, na mvua ikinyesha unateremka kama kawaida.

Juzi mama mkwe alikuja. Alisimama juu ya mteremko, mikono nyuma, akaniuliza kama anaweza kung'oa yale ya pembeni tu, maana yanamkera.

"Hapana, Maman. Acha ile."

Hakunywa chai yangu. Aliondoka amenuna, na mimi sikumsindikiza mbali.