Gauni Namba Saba

Mwaka niliopigwa picha ile tulikula ming'oko. Watu wa Masasi mjini wanaukumbuka kwa unga wa njano wa msaada, lakini huku kwetu juu, Newala, unga huo tuliusikia kwa masimulizi tu. Sisi tuliingia porini tukachimba ile mizizi myembamba, tukaichemsha na chumvi, asubuhi hiyo, jioni hiyo. Hata choo kilikuwa shida. Nasema hivi mjue ni mwaka gani, maana tarehe sina.

Mwaka huo masista Wabenedikti walikuwa wanajenga chuo chao cha wasichana. Leo ni chuo cha ualimu, kina ghorofa, kina matangi ya maji, kina chumba kizima cha kompyuta. Wakati ule kilikuwa vyumba viwili na bati lililokuja kwa lori. Wasichana walikuwa kumi na wawili, wanafundishwa kusoma, kushona na kufundisha watoto wadogo. Mimi sikuwa mmoja wao. Mimi nilikuwa mchota maji.

Huku juu maji hayakuwapo. Tuliyafuata bondeni, kushuka unajizuia usiporomoke, kupanda ndoo kichwani na shingo inazama mabegani. Safari mbili kwa siku. Udongo wa matofali ya kuta zile ulikandwa kwa maji yangu, na hilo najisifia mbele ya yeyote, hata mbele ya askofu. Mimi ni Mwislamu na masista walijua. Hawakuniuliza kitu, walitaka maji.

Walikuwa na sheria moja: gauni la shule halitoki nje ya uzio. Msichana akienda kwao analivua, analikunja, analiweka kwenye rafu, anajifunga kanga zake. Kila gauni lina namba kifuani, imeshonwa kwa uzi mwekundu. Namba saba lilikuwa la rafiki yangu, binti wa Chilangala. Akitoka darasani alinichorea herufi mchangani kwa kijiti, nami nimekalia ndoo yangu. Huku kusoma kwangu kwa kubahatisha, ni yeye aliyenipa.

Siku ya picha hakuwapo. Mama yake alimwita akachimbe ming'oko, wadogo zake walikuwa na njaa. Sista mkubwa, Mzungu, alikuwa anasafiri kesho yake kwenda kwao na kamera, na wafadhili walikuwa wameandikiwa wasichana kumi na wawili. Akahesabu, akapata kumi na mmoja. Akaniona natua ndoo.

"Wewe, njoo. Nawa uso."

Nikavalishwa namba saba. Lilinibana makwapani. Nikasimama, nikapigwa picha, nikavua, nikarudi bondeni. Nilimsimulia rafiki yangu akacheka mpaka akakaa chini. "Umenisaidia," akasema, "mimi na njaa ile ningetoka kama mzimu." Alimaliza chuo akafundisha Chilangala miaka michache, kisha uzazi ukamchukua. Aliacha binti mmoja, mchanga kabisa.

Mwaka huu chuo kina jubilei na masista wanaandika kitabu cha historia yao. Daftari la wasichana wa mwanzo lililiwa na mchwa, imebaki picha. Sista mmoja, kijana, mpole, akawa anaizungusha vijijini kuuliza sura. Kule Lisekese mtu akamwambia: huyu mwenye chale mbili kwenye paji ni bibi wa mwanafunzi wenu. Ni kweli, mjukuu wangu yuko mwaka wa pili hapo, wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo. Kwa mtoto huyo mimi natembea kifua mbele.

Wakaja wote wawili, Sista na mjukuu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, Sista. Kaa."

Akaifungua picha. "Bibi, kati ya wale kumi na wawili umebaki wewe."

Kabla sijafungua mdomo, mjukuu wangu alishanirukia shingoni, analia. "Bibi, ulisoma chuo changu na hukuniambia!" Nilitaka kusema, nikamwona yule mtoto alivyong'aa, nikanyamaza. Sista akaandika kwenye daftari lake. Kunyamaza kwangu akakuandika kuwa ndiyo.

Tangu hapo sikuwa na raha. Mbaazi ziliungua jikoni nimezikalia mbele. Pikipiki ikipita njiani, nasema ndio hao wamejua. Jirani yangu ananitania kwenye ua: "Mwalimu, shikamoo! Njoo unisomee risiti ya korosho, au wasomi hamwangalii korosho?" Nacheka naye, kisha naingia ndani.

Kila Jumamosi mjukuu analeta jipya. Nimetengewa kiti cha mbele. Yeye ndiye atakayesoma historia yangu kwenye kipaza sauti. Masista wamenishonea gauni kama lile la zamani, lenye namba saba kwa uzi mwekundu. Kila nikisikia nasema moyoni, leo namwambia. Simwambii. Nilimwogopa mtoto niliyemfuta kamasi.

Jumamosi ya mwisho tulikuwa tunamenya muhogo, akasema tu, kama mtu anayesimulia mambo ya sokoni: "Kuna mama mmoja wa Chilangala anawasumbua masista. Amekuja mara mbili. Anasema namba saba ni mama yake, aliambiwa na bibi yake. Sista amemjibu asihangaike, mwenyewe tumempata, yuko hai."

"Akasemaje?"

"Aliomba aione picha, akaitazama weee, akasema basi huenda bibi yake alichanganya."

Nikaweka kisu chini. Yule binti wa rafiki yangu hakumjua mama yake hata kwa sura. Alichokuwa nacho ni neno la bibi yake, na mimi nimemnyang'anya hata hilo, nimekaa hapa namenya muhogo.

Nikamwambia mjukuu yote, tangu ndoo mpaka makwapa. Hakulia. Afadhali angelia.

"Bibi, chuo kizima wataniita mwongo."

"Mwongo ni mimi. Waambie ulidanganywa na bibi yako."

"Si ukae tu siku moja? Siku moja, Bibi, halafu iishe."

"Haiishi. Ikishachapishwa haiishi."

Jumatatu nikapanda pikipiki mpaka chuoni. Sista alinipokea kwa furaha, akadhani nimekuja kupima gauni. Lilikuwa juu ya meza, limepigwa pasi. Nikalisogeza pembeni nikamweleza, nikamwambia ampigie yule mama wa Chilangala leo hii, amwombe radhi, na chini ya picha aandike jina la mama yake, na kwamba aliyevaa ni mchota maji.

Sista alibadilika rangi. Kitabu kipo kwa mchapaji, akasema. Wageni wameshaalikwa. Mama Mkuu ameshamwandikia askofu kuhusu mimi.

"Siingii kwenye kitabu na gauni la mwenzangu," nikasema.

"Bibi, tutarekebisha baadaye, polepole. Wewe siku hiyo kaa kitini tu. Huna haja ya kusema lolote."

Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni na daftari zake, wenzake wawili nyuma yake wanasikiliza. Hakuniangalia.

"Mfikirie huyu mtoto, Bibi," Sista akasema kwa sauti ya chini. "Ana mwaka mzima hapa mbele yake."

Nilimfikiria. Nikashika ukingo wa meza.

"Siingii kwenye kitabu na gauni la mwenzangu."