Jina la Mzee Mashimba

Niseme mapema, maana nimeshachelewa miezi minne: Mzee Mashimba hakugawa leseni ya programu ya ofisi kwa mtu yeyote wa nje. Mimi ndiye niliyelitumia jina lake mpaka likachafuka.

Tulikuwa naye kwenye ofisi ya kupima na kuchora viwanja, hapa Buhongwa. Yeye mchoraji ramani, mimi fundi wa kompyuta. Alianza kazi enzi za kalamu ya wino na rula, na alipofika miaka hamsini akajifundisha kuchora kwa kompyuta, kidole kimoja kimoja, akiuliza vijana bila kuona haya. Kwao Sengerema, ng'ambo ya ziwa. Ijumaa anavuka kwenda kwa mkewe, Jumatatu asubuhi yupo mezani kabla yetu sote. Alikuwa amebakiza miaka miwili apumzike. Mkataba wake uliisha kila Juni na kila Juni uliongezwa, na binti yake wa mwisho, Winnie, alikuwa bado chuo cha uuguzi. Mkataba ule ulikuwa na maana kwake.

Mimi naitwa Muganyizi. Watu husema sisi Wahaya tuna maringo. Wengine wanasingiziwa, mimi sisingiziwi.

Januari ofisi ikabadilisha mtambo. Mezani tukabaki na skrini na kibodi tu. Kompyuta zenyewe zikawa zinaundwa ndani ya seva moja iliyowekwa chumba cha nyuma. Asubuhi seva inakupa kompyuta mpya, jioni inaifuta. Niliufunga mtambo huo mwenyewe na nikatembea kifua mbele wiki nzima. Kumbe nimeacha shimo. Programu ya kuchorea humtambua mtu kwa jina lake, na kila jina linaruhusiwa mashine tano. Sasa kama kila siku unapewa mashine mpya, programu inadhani unahamahama nayo. Siku ya sita ikagoma. Leseni haijathibitishwa, ikaandika, kwenye skrini baada ya skrini, na watu wakanigeukia mimi.

Maelekezo yalikuwepo, kurasa arobaini. Lakini fundi mzima nikae nisome maelekezo, watu wanione? Nikapapasa huku na huku, nikafuta, nikarudishia, wapi. Ndipo nikagundua kwamba jina la Mzee Mashimba peke yake halijagoma. Leseni yake ilinunuliwa zamani, haikuwa na kikomo cha mashine.

Nikamwendea. Shikamoo, marahaba, nikamwomba jina lake na neno lake la siri niwafungulie wenzake kwa muda. Akaniandikia kwenye kipande cha karatasi, hakuuliza hata swali moja. Nilipomshukuru akasema jirani akija kuomba moto humuulizi anataka kupika nini. Nikaliingiza jina lake ndani ya seva, programu ikawa inajifungua yenyewe kwa kila mtu. Wenzangu hawakujua imefunguka kwa jina la nani. Waliona inafanya kazi, wakasema Muganyizi kiboko, nami nikapokea sifa zangu. Huo muda ukawa miezi mitatu.

Mwezi wa tano wenye programu wakatuandikia. Jina moja, Mashimba, limefunguliwa kwenye mashine zaidi ya mia nne, kwa hiyo wamezima leseni za ofisi nzima. Siku tatu hatukuchora hata mstari. Watu wanaosubiri ramani za viwanja vyao wakawa wanashinda pale mapokezi, wamenuna. Na maneno hayakosi: mtu akakumbuka kwamba mzee ana mpwa wake mwenye ofisi yake ya kuchora ramani kule Kirumba, huenda ndiye aliyepewa.

Bosi wetu, Madam Teodora, akaitisha kikao. Akamuuliza mzee mbele ya wote kama alimpa mtu neno lake la siri. Mzee akasema ndiyo, alimpa mtu aliyemwomba. Mtu gani? Hapo mzee akaniangalia. Hakunikazia macho, aliniangalia tu, kama anavyomwangalia mtu aliyenyoosha mkono kutaka kusema, kisha akatazama meza na kukaa kimya.

Nilielewa vizuri sana. Mtu mzima wa kwetu hamvui kijana nguo mbele za watu. Anamwachia mlango atoke mwenyewe. Kwetu Kagera ni hivyo, na Usukumani ni hivyo. Alikuwa ananipa nafasi, nami nikaigeuza kuwa maficho. Nilijua hatanitaja, ndiyo maana nilinyamaza. Mungu anajua nilivyoona haya, na bado nilinyamaza.

Ningeishia hapo ningekuwa mwoga tu. Lakini Madam akanigeukia, akaniuliza kama fundi: je, yawezekana mtu wa nje alitumia jina hilo?

"Inawezekana, Madam," nikasema.

Mzee akaambiwa mkataba wake hautaongezwa Juni, na meza aikabidhi wiki ile ile. Siku mbili baada ya kikao nikajifungia chumba cha nyuma na zile kurasa arobaini. Ukurasa wa kumi na saba ulieleza kwamba ukifunga programu kwenye mtambo wa kompyuta za kushirikiana, kuna sehemu moja ya kuweka alama kabla hujaanza. Alama moja. Leseni ziliporudishwa nikaifunga upya, na kufikia saa kumi jioni kila mtu alifungua kwa jina lake. Wakanipigia makofi. Mzee alikuwa anatoa vitu vyake kwenye droo. Akaja, akanipa mkono, akasema hongera.

Tangu hapo usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Jovitha, binti mzuri tu asiye na kosa, akaajiriwa kwenye nafasi ile. Kila nikimpita pale mezani nageuza uso.

Jumamosi iliyopita nikapanda kivuko kwenda Sengerema. Mkewe, mama Selina, akanikaribisha kwa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na chai, akaniambia mumewe ameamua mwenyewe kupumzika, amechoka na kompyuta. Akanishukuru kwa jinsi tulivyoishi naye vizuri kazini. Kumbe mzee hata mkewe hakumwambia.

Nilimkuta mzee shambani anapalilia mihogo. Nikamwambia yote, hata lile neno inawezekana, na machozi yakanitoka, mtu mzima mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameegemea jembe.

"Mimi nilikuwepo, Muganyizi," akasema. "Unaniambia mimi ili iweje? Wasiojua ni wale kule."

Leo Jumatatu, kwenye kikao cha saa tatu, nilisimama nikasema. Jovitha aliinamisha kichwa. Madam Teodora akaniuliza siku ile aliponiuliza nilimjibu nini, akanifanya nirudie neno lenyewe mbele ya wote. Nikarudia. Kisha akachukua simu, akampigia mzee, akaiweka mezani sote tusikie. Akamwomba radhi. Akamwambia Muganyizi amekiri mwenyewe, mbele za watu.

"Basi msimfukuze," mzee akasema. "Ana mama yake Bukoba anamtazama yeye."

Habari za mkataba wake hakuziuliza. Madam akanitazama, akafunga daftari, akasema kikao kimekwisha. Sikufukuzwa. Nimerudi chumba cha nyuma, na hapa nilipo ndipo nilipokaa tangu saa nne, sijagusa kitu.